Maswali tunayoulizwa sana kuhusu kikundi chetu cha filamu kisiwani

Haya maswali tunaulizwa mlangoni, gatini, njiani, wengine wanatupigia simu kabisa, kwa hiyo tumeyakusanya na kuyajibu kama tunavyoyajibu kwa mdomo. Mengine ni ya watu wanaotaka kuja kutazama tu, mengine ni ya watu wa visiwa vingine wanaotaka kuanzisha chao, na hao ndio tumewajibu kwa urefu manake tunajua kinachowasubiri.

Hiki ni chama au ni jumba la sinema?

Ni chama. Jengo hatuna, bosi hatuna, na hamna hata mmoja anayelipwa. Tunaazima ukumbi, tunafunga skrini, tunaonyesha filamu, ikiisha tunakaa kuizungumza, alafu tunafungua kila kitu na kurudisha viti vilivyokuwa sababu asubuhi ukumbi una shughuli za watu wengine.

Na sio jambo tulilobuni sisi. Ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, walionyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio kule Paris tarehe 28 Desemba 1895, na miaka haikuwa mingi watu wakagundua kwamba biashara peke yake haiwezi kuwaletea kila filamu wanayotaka kuiona. London mwaka 1925 kikaanzishwa chama kilichokuwa kinawaonyesha wanachama wake filamu ambazo majumba ya kawaida hayakuzigusa, hata zilizokataliwa na wakaguzi. Mwaka 1947 Satyajit Ray, yule mwongozaji filamu wa India, na wenzake wakaanzisha chao Calcutta, miaka minane kabla filamu yake ya kwanza haijatoka, yaani alianza kwa kupanga viti na kutazama kama sisi. Mwaka huohuo vyama vya nchi mbalimbali vikaunda shirikisho lao la kimataifa. Na kwa watu wa visiwani kuna mfano tunaoupenda sana: Uskoti tangu 1998 kuna lori linalopanda feri na kuzunguka visiwa, likifika linafunguka ubavuni na kuwa ukumbi wa sinema mzima.

Kila mtu ana simu siku hizi, kwa nini nitoke nyumbani?

Sababu nyumbani utaisimamisha filamu mara saba, utajibu meseji, utapika, utarudi umesahau nani ni nani. Ukumbini huna rimoti mkononi. Unakaa, giza linaingia, na jirani yako akishtuka na wewe unashtuka.

Tuliwahi kuonyesha filamu bubu, zile za zamani ambazo maneno yanakuja yameandikwa kwenye kadi katikati ya picha. Mzee mmoja huwa anakaa safu ya nyuma karibu na mlango, na siku hiyo pembeni yake kulikuwa na watoto wawili ambao hawajajua kusoma vizuri, akawa anawasomea kila kadi kwa sauti ya chini. Watu wa safu ya mbele yake wakageuka, tukadhani wanamkataza, kumbe wanamwambia aongeze sauti na wao wasikie. Kadi ya tatu au ya nne ukumbi mzima ukawa unamsubiri yeye, na alipofika pale mama anapoagana na mwanawe sauti ikamkwama, akanyamaza, na hamna aliyemhimiza. Simu haikupi hicho kitu.

Ugumu wa kufanya hii kazi kisiwani uko wapi hasa?

Boti. Yaani ukielewa boti umeelewa karibu kila kitu tunachofanya. Bara kebo ikifa saa moja jioni mtu anatoka anaenda kununua ingine, saa mbili filamu inaanza. Hapa boti ya mwisho ikishang'oa nanga, ulichonacho ndicho ulichonacho mpaka kesho, na bahari ikichafuka hata kesho sio uhakika.

Kwa hiyo tuna sheria moja ambayo hatuivunji: kila kitu kijaribiwe kabla boti ya mwisho haijaondoka. Kila kitu maana yake sio kuwasha projekta na kuona taa imewaka. Ni faili lenyewe la filamu, kwenye laptopu ileile, kwa kebo zilezile, spika zilezile, ukumbi uleule. Na vile vitu vidogo vinavyokufa bila kuaga, yaani kebo ya HDMI inayopeleka picha kutoka laptopu hadi projekta, adapta, fyuzi, betri za maiki, waya wa umeme wa projekta, tunakaa navyo viwiliwili kwenye sanduku moja lenye orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko, na aliyetumia cha akiba ndiye anayeagiza kingine, palepale, hasubiri mkutano.

Tununue projekta ya nguvu gani?

Hili ndilo swali ambalo watu wanapoteza pesa nyingi kwa kutojua, tuliongee taratibu.

Mwanga wa projekta unapimwa kwa lumeni. Kwenye majumba ya sinema, ukipiga hesabu kwa skrini nyeupe ya kawaida, inatoka kama lumeni 150 kwa kila mita ya mraba. Sasa chukua skrini yako ya upana wa mita 4, urefu kwenda juu mita 2 na robo, hiyo ni mita 9 za mraba, zidisha unapata kama lumeni 1,350. Unaona sio nyingi kivile. Lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi sio unayoipata skrinini, ukiweka ile modi ya rangi nzuri mwanga unapungua, ukiweka modi ya kuokoa umeme unapungua tena, na balbu ikizeeka inaweza kubaki na nusu ya mwanga iliyoanza nao. Ndio maana projekta ya lumeni 3,000 kwenye ukumbi wenye giza la kweli inatosha vizuri kwa skrini kama hiyo, na mtu asikushawishi ununue ya 6,000 wakati madirisha yenu hayana pazia. Nunueni kitambaa kizito cheusi kwanza. Giza ni rahisi kuliko lumeni.

Kingine, ukiongeza upana wa picha mara mbili eneo linakuwa mara nne, kwa hiyo mwanga unabaki robo. Watu wanapenda skrini kubwa sana, tunaelewa, ila picha ndogo yenye mwanga mzuri inashinda kubwa iliyofifia kama imefuliwa.

Na kabla ya kununua pima ukumbi kwa futi ya fundi. Projekta ina kitu kinaitwa uwiano wa kurusha picha, yaani umbali wake kutoka skrinini gawanya kwa upana wa picha, ukiwa 1.5 basi skrini ya upana wa mita 3 inataka projekta ikae mita 4 na nusu kutoka skrinini, na mkikuta hapo ndipo ilipo nguzo ya ukumbi mtajuta. Skrini nayo inueni, sakafu zetu hazina mteremko kama za sinema, ukingo wa chini ukiwa chini ya mita 1.2 hivi basi sabtaito, yale maneno yanayoandikwa chini ya picha, zote zinasomwa na safu mbili za mbele peke yao, wa nyuma wanasoma visogo.

Muziki unasikika ila maneno ya waigizaji hayasikiki, shida nini?

Hii ilitukuta na hatutaisahau. Ukumbi umejaa, filamu imeanza, upepo unavuma vizuri, gari linapita, muziki mtamu, mtu anafungua mdomo, kimya. Tukapandisha sauti, gari likapiga kelele zaidi, maneno hamna. Tukadhani spika imekufa, tukabadilisha spika, tukabadilisha kebo, watu wanatuangalia tu kwa upole wao, na upole huo unauma kuliko wangefoka.

Kumbe filamu nyingi sauti yake ni ya njia sita, ile 5.1, na maneno karibu yote yanawekwa kwenye spika ya katikati. Sisi tulikuwa na spika mbili, kushoto na kulia. Laptopu ilikuwa inatuma sauti kama vile spika ya katikati ipo, kwa hiyo maneno yalikuwa yanaenda mahali ambapo hapana kitu. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya sauti ya kicheza filamu, kuchagua stirio, yaani sauti ya spika mbili, basi, nusu dakika. Siku hizi kwenye jaribio tunatafuta sehemu ambayo watu wawili wanaongea bila muziki, mmoja wetu anaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa na kutuambia anasikia nini. Trela haifai kujaribia, ina kelele tupu.

Tukiwa hapohapo kwenye kebo, HDMI ya kawaida ikizidi mita 10 hivi inaanza kukatakata picha. Weka laptopu pembeni ya projekta na HDMI fupi, ile ndefu iwe ya sauti kwenda kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kebo za XLR, zile za maiki, zinasafiri mbali bila shida.

Si tupakue tu filamu mtandaoni, au tutumie akaunti ya mtu mmoja wetu?

Hapana. Akaunti za kutazama mtandaoni ni za mtu na nyumba yake, masharti yake yanasema hivyo, na kwenye nchi nyingi kuonyesha filamu mbele ya umma kunahitaji ruhusa hata kama hamtozi senti. Bure sio ruhusa. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kulinda haki za watunzi, ambao nchi nyingi sana zimeingia unaipa filamu ulinzi wa angalau miaka 50, na nchi nyingi zimeongeza zaidi ya hapo.

Watu wanaogopa hii hatua wakidhani ni mambo ya mawakili, ila kwa kawaida ni barua pepe. Unamtafuta mwenye haki au msambazaji, unamwandikia jina la filamu, tarehe, ukumbi unachukua watu wangapi, kuna kiingilio au hamna, na kwamba nyie ni watu wa kujitolea msiotafuta faida. Wengi wana bei ya vyama ambayo ni tofauti na ya sinema za biashara, na watengenezaji wadogo saa zingine wanafurahi tu kusikia kazi yao inaenda kisiwani, wanaruhusu na kuomba muwapige picha watazamaji. Andikeni wiki nyingi kabla na msitangaze filamu mpaka ruhusa iwe mkononi kwa maandishi.

Filamu za zamani sana zingine haki zake zimeisha, lakini angalia sheria ya nchi yako sio ya nchi ingine, na angalia nakala yenyewe, sababu muziki uliowekwa juu jana una mwenyewe hata kama picha haina.

Mnachaguaje filamu?

Mwanachama yeyote anapendekeza, ila lazima awe ameitazama mpaka mwisho na awe tayari kusimama kuielezea dakika mbili. Hiyo peke yake inachuja mapendekezo ya "nimesikia ni nzuri". Alafu tunapiga kura kwa msimu mzima na sio filamu mojamoja, sababu ukipigia kura mojamoja wengi wanashinda kila wiki na wale wachache wenye ladha tofauti wanaacha kuja kimyakimya. Tunataka kila mtu kwenye msimu apate angalau moja yake na moja ambayo asingeichagua kamwe.

Urefu nao tunauangalia, kwa ajili ya boti tena, manake kuna watazamaji wanaovuka kurudi. Na msiamini dakika zilizoandikwa kwenye tangazo la filamu. Filamu inapigwa fremu 24 kwa sekunde, ila DVD za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu nyingi za Afrika, zinaikimbiza kwa 25, kwa hiyo filamu ya dakika 100 inaisha kama dakika 96. Hapo mmepata dakika nne za mazungumzo. Upande wa pili, nakala ya mwongozaji, ile aliyoikata upya mwenyewe (director's cut), inaweza kuwa ndefu kuliko ile mliyoisoma kwa nusu saa nzima, na watu wanaanza kunyanyuka mmojammoja kukimbilia gatini wakati hadithi ndio imefika pazuri. Tazameni nakala mnayoonyesha, saa ikiwa mkononi.

Diski au faili?

Vyote viwili vikiwezekana. Diski za DVD zimegawanywa kwa kanda sita za dunia na Blu-ray kwa kanda tatu, A, B na C, na mashine inaweza kuikataa diski halali kabisa uliyoilipia kwa sababu tu imetoka kanda ingine, na hilo unataka kulijua asubuhi. Faili za sinema zenyewe, DCP, mara nyingi ni gigabaiti zaidi ya mia moja, kwa intaneti ya visiwani usiote kuzishusha usiku mmoja, agiza diski ngumu (hard disk) ije na boti.

Mbona hamwonyeshi ufukweni, si ndio pazuri?

Tunaonyesha, ila mara chache na kwa kupiga hesabu. Kwanza upepo. Skrini ni tanga. Ile ya mita 9 za mraba, upepo wa mita 10 kwa sekunde ambao mvuvi hautishi, unaisukuma kwa nguvu ya kama kilo 60, na upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Tunafunga kamba nne kwenye vitu vizito kweli, na tumekubaliana mtu mmoja kazi yake ni kuangalia skrini sio filamu, akisema tushushe tunashusha bila mjadala.

Pili mwezi. Watu wanapenda kutuomba tuonyeshe usiku wa mbalamwezi, lakini mwezi mpevu unafuta picha, na kama kisiwa chenu bahari inajaa na kupwa sana basi siku hizohizo ndio bamvua, maji yanapanda mpaka mlipopanga viti. Sisi tunasubiri kama wiki moja baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji ni mafu, hayapandi juu wala kushuka mbali, na mwezi unachomoza usiku wa manane, filamu imeshaisha. Wazee wa bahari ndio waliotupangia hii ratiba, sisi tulikuwa tunaangalia kalenda ya wikendi tu.

Tatu chumvi. Hewa ya bahari inakula soketi na feni za projekta. Ikitoka ufukweni inafutwa kwa kitambaa kikavu, kichujio cha feni kinasafishwa, alafu inafungiwa kwenye sanduku lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kiatu kinachokuja na vipakiti hivyo, usivitupe, tuletee.

Umeme ukikatika katikati ya filamu?

Tunawasha tochi, tunawaambia watu wakae, na aliyeshika laptopu anaandika dakika tuliyofikia. Projekta za balbu zinahitaji feni izunguke kidogo baada ya kuzimwa ili balbu ipoe, umeme ukikatwa ghafla joto linabaki ndani na balbu inafupishwa maisha, ndio maana tunaiweka projekta kwenye UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, sio ili filamu iendelee bali izimwe kistaarabu.

Jenereta ikae nje na mbali na milango na madirisha, kabisa kabisa, hata mvua inyeshe iwekewe paa lake hukohuko. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu na inaua watu waliokaa wametulia, na watazamaji wa filamu ni watu waliokaa wametulia gizani. Hapo hatuna mzaha na mtu.

Pesa mnapata wapi?

Ada ya wanachama, kiingilio kidogo, na michango. Pesa inahesabiwa na watu wawili usiku uleule kabla hatujatoka ukumbini, inaandikwa kwenye daftari, na daftari liko wazi kwa mwanachama yeyote akiomba. Kisiwa kidogo, maneno yanasafiri kuliko boti, kwa hiyo acha watu waone wenyewe.

Mi sijui mambo ya mitambo, nitasaidia nini?

Wewe ndio tunayekutafuta. Kuna mlango, kuna viti, kuna kubandika matangazo gatini, kuna kumshika mkono bibi asiyeona vizuri mpaka kwenye kiti chake, kuna kuongoza mazungumzo, kuna kufagia. Na mitambo utajifunza, sababu hapa kila kazi ina watu wawili, anayeijua na anayejifunza, na baada ya maonyesho kadhaa wanabadilishana.

Hili tumelipata kwa uchungu. Mwanzoni tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye projekta, sauti, leseni, funguo, vyote alikuwa navyo yeye, na alikuwa hodari na hakuwahi kulalamika. Akapata kazi bara. Tulimsindikiza gatini kwa furaha ya kweli, na jioni yake tukagundua hatujui hata neno la siri la laptopu. Miezi miwili hatukuonyesha kitu. Hakukosea yeye, tulikosea sisi kumwachia kila kitu kisa anaweza. Vikundi vya visiwani mara nyingi haviuawi na ukosefu wa pesa, vinachoka, watu walewale watatu wanabeba viti vilevile mpaka siku moja mgongo unasema basi. Kwa hiyo ukitaka kusaidia mara moja kwa miezi mitatu tu, hiyo inatosha na usione aibu.

Watoto wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa filamu za rika lao, tunaandika kwenye tangazo. Za mchana ni zao hasa na kelele zinaruhusiwa.

Na watu wasiosikia vizuri au wa viti vya magurudumu?

Nafasi za viti vya magurudumu tunaziacha katikati ya ukumbi sio pembeni mwisho, wakae na walioandamana nao. Na sabtaito tunaziweka hata filamu ikiwa ya lugha yetu wenyewe. Wapo walionung'unika mwanzoni kwamba zinawasumbua macho, leo wengi wao wanaziulizia zisipokuwepo.

Lazima niongee kwenye mazungumzo baada ya filamu?

Sio lazima. Tunawasha taa taratibu, tunaacha dakika moja ya kimya, alafu anayeongoza anauliza kitu kidogo, sio "mmeonaje" ambalo linajibiwa "nzuri" na kufa palepale. Anauliza kwa mfano kwa nini yule dada hakufungua barua. Hapo watu wanaanza kubishana, na saa zingine ubishi unaendelea mpaka kwenye boti.

Naweza kuanza lini?

Siku ya onyesho lijalo, saa tisa alasiri, mlango wa nyuma wa ukumbi. Njoo na viatu vilivyofunika vidole kwa sababu stendi za skrini ni nzito. Utaanza kwa kukaa kiti cha mwisho na kutuambia kama unasikia maneno.